Fungua dirisha ndipo upoe: Jinsi ya kutumia feni ya maji katika joto la Voi

Joto la Februari hapa Voi halihitaji kuelezwa. Ikifika saa nane mchana mabati yanatatarika, kuta zimeshashika moto, na mtoto aliyelazwa kwenye mkeka anaamka shingo imeloa jasho. Ukitoka nje jua linakuchoma, ukiingia ndani joto linakukaba.

Mwaka jana wakati kama huu nilimnunulia mama yangu feni ya maji, ile ambayo madukani huitwa "air cooler". Anaishi upande wa Sofia, nyumba ya matofali, mabati juu, bila dari. Nilimwekea chumbani, nikajaza maji, nikafunga dirisha na mlango ili baridi isitoke, kisha nikarudi zangu kazini nimeridhika kwamba nimetimiza wajibu wa mwana.

Siku ya tatu akanipigia simu. "Mwanangu, njoo uchukue hili dude lako. Shuka imekuwa kama iliyotoka kufuliwa, na jasho halinikauki. Ile feni yangu ya zamani ilikuwa afadhali."

Nilidhani nimeuziwa takataka. Kumbe kosa halikuwa la mashine. Kosa lilikuwa langu mimi niliyefunga dirisha. Na tangu wakati huo, kila nikiingia nyumba ya mtu hapa mjini nikakuta feni ya maji inanguruma ndani ya chumba kilichofungwa kila upande, najua wenye nyumba wanalipia stima ya kujitesa.

Makala haya ni ya kueleza kifaa hiki kinavyofanya kazi, kinafaa wapi na lini, na namna ya kukitumia bila kupoteza pesa, maji wala afya.

Mtungi wa bibi na feni ya duka

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba feni ya maji si kiyoyozi. Kiyoyozi, yaani AC, huchukua joto la chumbani na kulitupa nje kwa kutumia gesi inayozunguka ndani ya mabomba. Ndiyo maana AC inataka chumba kifungwe. Feni ya maji haina gesi wala kompresa. Ina tangi la maji, pampu ndogo, pedi inayolowa, na feni ya kuvuta hewa ipite kwenye pedi hiyo.

Inavyopoza ni sawasawa na mtungi wa udongo unavyopoza maji ya kunywa. Maji hupenya kwenye vinyweleo vya udongo, yakifika nje yanageuka mvuke, na kila yanapogeuka mvuke yanachukua joto. Joto hilo linatoka kwenye mtungi, nayo maji yaliyobaki ndani yanapoa. Jasho la mwili wako linafanya kazi hiyo hiyo. Hata tembo wa Tsavo, wakijimwagia maji na kupunga masikio, wanatumia kanuni iyo hiyo bila kwenda shule.

Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji joto la takriban kilojuli 2,430, ambazo ni kama theluthi mbili za yuniti moja ya stima. Joto hilo linatolewa kwenye hewa inayopita. Feni inayokausha lita moja na nusu kwa saa inaondoa joto kama la kilowati moja kutoka kwenye hewa, ilhali yenyewe inakula wati 100 hivi. Hapo ndipo uzuri wake ulipo.

Lakini malipo yake ni unyevu. Joto limetoka, mvuke umeingia. Na hewa haiwezi kubeba mvuke bila kikomo.

Kwa nini chumba kilichofungwa kinakuwa bafu

Tufanye hesabu ndogo. Chukua chumba cha futi 12 kwa 12, chenye kimo cha futi 9. Kwenye nyuzi 30 za Selsiasi, hewa yote iliyomo ndani ya chumba hicho inaweza kubeba kidogo zaidi ya lita moja ya maji kama mvuke, basi. Na hata kabla hujawasha chochote, theluthi moja au zaidi ya nafasi hiyo imeshajaa unyevu wa kawaida.

Sasa wewe umeweka mashine inayomwaga lita moja au zaidi kila saa, na umefunga dirisha. Kabla saa moja haijaisha hewa imeshiba. Ikishashiba, maji ya kwenye pedi hayakauki tena, kwa hivyo hayapozi kitu. Jasho lako pia halikauki. Unabaki na fukuto ndani ya nyumba iliyojengwa kwenye nchi kavu. Yaani umeitoa Voi ukaileta Mombasa ya mwezi wa Aprili chumbani kwako.

Dawa yake ni moja tu: hewa kavu iingie kutoka nje, ipite kwenye pedi ipoe, ikupitie wewe, kisha itoke upande wa pili ikiwa imebeba unyevu na joto la chumba. Hewa isizunguke ndani kwa ndani. Iingie, itoke.

Voi ndiyo, Mombasa hapana

Hapa ndipo wasomaji wetu wa Mombasa, Kilifi, Kwale na Lamu wanapaswa kusoma mara mbili kabla ya kutoa pesa mfukoni.

Feni ya maji haiwezi kushusha joto chini ya kiwango fulani, na kiwango hicho kinategemea ukavu wa hewa. Tuchukue mchana wa kiangazi Voi: nyuzi 34, unyevu asilimia 35. Ukifunika themometa kwa kitambaa kilicholowa ukaipepea, itashuka hadi karibu nyuzi 22 na nusu. Huo ndio mwisho wa kupoa kwa maji siku hiyo. Feni yenye pedi nzuri hufika kama asilimia 70 ya safari hiyo, kwa hivyo hewa inayokupiga usoni itakuwa na nyuzi 26 hivi. Kutoka 34 hadi 26 ni tofauti ambayo hata mgonjwa atakushukuru.

Sasa chukua Mombasa: nyuzi 32, unyevu asilimia 70. Kitambaa chenye maji kitashusha themometa hadi 27 na nusu tu. Feni ile ile itakutolea hewa ya nyuzi 29 hivi, tena ikiwa nzito kwa unyevu. Utapata upepo, lakini upepo huo feni ya kawaida ingekupa bila tangi, bila pampu na bila kujaza maji. Kwa watu wa mwambao, pesa hizo ni heri ziende kwenye feni nzuri ya dari.

Si sisi peke yetu. Iran, ambako nchi ya ndani ni kame, kifaa hiki ni cha kila nyumba na jina lake kwa Kifarsi lina maana ya kipozaji cha maji. Kule Delhi, India, hufanya kazi vizuri Mei hewa ikiwa kavu, lakini mvua za msimu zikishuka Julai, nguvu zake zinakwisha. Arizona, Marekani, ni hadithi hiyo hiyo. Ni kifaa cha nchi kavu.

Hata ndani ya Kaunti ya Taita Taveta hatulingani. Voi iko kwenye mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, kwenye uwanda wa nyika ya Tsavo, na mchana wa kiangazi hewa yake ni kavu. Maungu, Mwatate na sehemu za chini kuelekea Taveta ziko katika hali ya kukaribiana na hiyo, ingawa Taveta yenyewe ina mashamba ya kunyunyiziwa maji na unyevu wake unaweza kuwa juu kidogo. Wundanyi na vijiji vya milimani havihitaji mashine hii kabisa. Ukiwa huko unahitaji sweta.

Msimu pia una neno. Januari, Februari na mwanzo wa Machi ndio wakati wake hasa. Septemba na Oktoba, kabla ya vuli, pia inafaa. Mvua za vuli zikianza, ambazo kwetu Voi ndizo huwa nzito zaidi, hewa inalowa na feni ya maji inageuka feni tu. Siku hizo zima pampu.

Jipimie mwenyewe

Kabla ya kununua, au kabla ya kuwasha siku yoyote, unaweza kupima. Tafuta themometa mbili za kawaida za kupima joto la chumba. Moja iache kavu. Ya pili, funga ncha yake kwa kipande cha kitambaa cha pamba kilicholowa, kisha ipepee kwa dakika tano ukiwa kivulini. Soma zote mbili, utoe ndogo kwenye kubwa.

Tofauti ikiwa nyuzi 8 au zaidi, feni ya maji itakufaa sana. Ikiwa kati ya 5 na 8, itasaidia kiasi. Ikiwa chini ya 5, usipoteze maji.

Huna themometa? Anika leso iliyokamuliwa vizuri kivulini penye upepo. Ikikauka haraka, hewa ina kiu ya maji, na feni yako itafanya kazi. Ikikaa hadi jioni bado ina ubichi, ujue jibu.

Namna ya kuiweka

Hivi ndivyo nilivyorekebisha kwa mama, na ndivyo ninavyowashauri majirani.

Kwanza, mgongo wa feni uelekee dirisha lililo wazi au mlango, ili ivute hewa ya nje. Chagua upande wenye kivuli. Ukivuta hewa iliyopita juu ya saruji ya uwanja uliochomwa na jua, unaanza kazi ukiwa na deni.

Pili, fungua dirisha la upande wa pili, lile lililo mbali zaidi na feni, ili hewa ivuke chumba kizima kabla ya kutoka. Si lazima liwe wazi lote. Anza na upana wa shubiri moja au mbili, kisha ujaribu. Kipimo ni rahisi: shikilia karatasi ya shashi karibu na dirisha la kutokea. Ikivutwa kuelekea nje, mambo ni sawa. Ikisimama wima, ongeza uwazi. Ikirudi ndani, upepo wa nje unakushinda, hivyo badilisha upande.

Tatu, keti au lala katikati ya njia ya hewa hiyo. Feni ya maji haipozi nyumba nzima, inapoza mkondo. Wanaoikosa njia hiyo wataendelea kulalamika.

Nne, loanisha pedi kwanza. Washa pampu dakika tano hadi kumi kabla ya kuwasha feni kwa kasi. Pedi kavu inapitisha hewa ya moto na vumbi.

Tano, punguza joto linaloingia. Hakuna feni itakayoshinda bati tupu la saa nane. Dari, hata ya gunia safi au mbao nyembamba, inapunguza moto unaoshuka. Rangi nyeupe juu ya bati inasaidia. Pazia zito upande wa magharibi linasaidia. Mwarobaini uliopandwa upande wa jua la jioni unasaidia kuliko vyote, ila unataka subira. Na jiko la makaa lisipikiwe ndani, kwa sababu ya joto na zaidi kwa sababu ya moshi wake, ambao unaweza kuua.

Saa za kuwasha na saa za kuzima

Watu wengi huiwasha usiku kucha. Hapo napo pana kosa. Kwetu, unyevu wa hewa hushuka mchana na kupanda usiku. Saa nane mchana hewa ni kavu kuliko saa zote. Alfajiri ina unyevu mwingi, na hewa ya nje yenyewe imeshapoa.

Ratiba inayofaa ni hii. Usiku, fungua madirisha yenye wavu wa mbu, uiache hewa ya nje ipoze kuta. Ukihitaji upepo, washa feni bila pampu. Asubuhi jua likianza kupanda, funga madirisha na mapazia ya upande wa jua ili nyumba ishike ubaridi wa usiku. Kuanzia saa tano hivi, joto likianza kuuma, fungua madirisha mawili ya kupitishia hewa na uwashe feni pamoja na pampu. Endelea mpaka saa kumi na moja au kumi na mbili jioni. Nusu saa ya mwisho zima pampu, acha feni ikaushe pedi. Pedi inayolala imelowa ndiyo inayoanza kunuka uvundo.

Barafu ni kujidanganya

Kwenye matangazo utaona mtu akitia barafu kwenye tangi. Hebu tupige hesabu. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inachukua kilojuli 334. Kilo moja ya maji ikigeuka mvuke inachukua zaidi ya 2,400. Maji ya mfereji yana nguvu ya kupoza mara saba ya barafu, mradi yakauke. Tena maji baridi sana hukawia kugeuka mvuke. Juu ya hayo, friji iliyotengeneza barafu hiyo ilimwaga joto lake ndani ya nyumba yako na kula tokeni zako. Barafu tia kwenye juisi.

Maji: hapa ndipo penye uchungu

Feni ya chumba kimoja hutumia lita 8 hadi 12 kwa mchana mmoja wa kiangazi. Hiyo ni nusu ya mtungi wa lita 20. Kwa mtu wa Nairobi si kitu. Kwa mtu wa Voi ambaye mfereji wake hutoa maji siku mbili kwa wiki, na siku nyingine anangojea mkokoteni, hilo ni jambo la kufikiria.

Na uchungu unazidi ukikumbuka kwamba bomba la maji ya chemchemi za Mzima, zilizoko ndani ya Tsavo Magharibi katika kaunti yetu hii hii, limekuwa likipeleka maji Mombasa tangu miaka ya 1950, likipita huku kwetu. Malalamiko ya wenyeji kuhusu mgao huo ni ya miaka mingi. Ninayataja kwa sababu hakuna ushauri wa kupoza nyumba kwa maji utakaokuwa na maana ikiwa nyumba haina maji.

Kwa hivyo weka mpango. Maji ya kunywa kwanza, ya kupikia pili, ya usafi tatu, ya feni mwisho. Kama maji ni haba, washa saa nne tu za moto mkali, saa saba hadi saa kumi na moja, na kwa chumba chenye mzee, mtoto mchanga au mgonjwa. Wengine wanaweza kukaa chini ya mti.

Aina ya maji nayo ina maana. Visima vingi vya nyanda za chini hapa vina maji ya chumvichumvi. Maji yanapogeuka mvuke chumvi haiendi popote. Inabaki kwenye tangi na kwenye pedi, ikizidi kila siku, mpaka pedi inakuwa ngumu kama ukuta uliopakwa chokaa na hewa haipiti. Ukiwa na maji ya mvua au ya mfereji, tumia hayo. Ukiwa na ya kisima pekee, usiwe unajaziliza juu ya yaliyobaki. Mwaga yote kila baada ya siku mbili tatu na uanze upya. Yale unayomwaga tumia chooni au kutulizia vumbi uani. Usimwagilie sukuma wiki, maana yana chumvi nyingi kuliko ulipoanza.

Pedi ikishika ukoko mweupe, iloweke kwenye maji yaliyochanganywa na siki au maji ya ndimu, kisha uisuuze taratibu. Ikikataa, nunua mpya. Vumbi letu jekundu pia linaziba, kwa hivyo kichujio cha nyuma kioshwe kila wiki wakati wa kiangazi.

Mbu wa ndani ya tangi

Tangi la maji lililosahaulika ni kitalu cha mbu. Yule anayependa maji masafi yaliyotuama ndani na karibu na nyumba ni Aedes, anayeuma mchana na kueneza homa ya dengi na chikungunya. Pwani yetu tunayajua magonjwa hayo. Mombasa ilipata mlipuko wa chikungunya mwishoni mwa 2017 hadi 2018, na dengi imekuja zaidi ya mara moja.

Kutoka yai hadi mbu mzima ni kama siku saba hadi kumi wakati wa joto. Ukimwaga maji yote na kusugua kuta za tangi mara moja kwa wiki, unakata safari hiyo. Kusugua ni muhimu, maana mayai hunata kwenye ukuta wa tangi na yanaweza kuvumilia ukavu. Msimu ukiisha, mwaga, kausha juani, funika na uhifadhi.

Gharama na kununua

Tuchukue yuniti ya stima kuwa shilingi 30, kwa hesabu rahisi. Feni ya maji ya wati 100 kwa saa nane inakula yuniti 0.8, yaani shilingi 24. AC ndogo inayovuta wati 1,000 kwa muda huo huo ikifanya kazi bila kupumzika ni yuniti 8, shilingi 240. Tofauti ni kubwa, na ndiyo sababu ya watu wa kipato chetu kuitazama feni ya maji.

Ukienda dukani, usitazame picha za barafu kwenye boksi. Tazama kiasi cha hewa inachosukuma kwa saa, kilichoandikwa kwa mita za ujazo. Kile chumba cha futi 12 kwa 12 kina mita za ujazo 36 hivi, na unataka hewa yake ibadilike mara 20 hadi 30 kwa saa. Hiyo ni mita za ujazo 720 hadi 1,080. Tazama pia pedi: ile nene ya muundo wa sega la nyuki hupoza kuliko kitambaa chembamba. Muulize muuzaji kama pedi za kubadilisha zinapatikana. Kama hana jibu, utakuwa umenunua feni ya msimu mmoja.

Na vile vidogo vya mezani vinavyotumia waya wa kuchajia simu, viache. Kifaa kinachokausha mililita 100 za maji kwa saa kinaondoa joto la wati 67 hivi. Mtu mmoja aliyekaa kimya anatoa joto la wati 100. Yaani hakiwezi kukushinda hata wewe mwenyewe, sembuse bati.

Jambo la mwisho hapa ni usalama. Ni mashine ya stima yenye maji ndani. Chomoa plagi kabla ya kujaza au kusafisha. Usiiunganishe na waya wa kurefusha ulio sakafuni penye unyevu, wala usiishike kwa mikono iliyolowa. Ukisikia inakupiga shoti hata kidogo, zima na uite fundi.

Asiye na feni, asiye na stima

Kanuni ya mtungi haihitaji duka. Gunia la katani, na sisi tuna Mwatate penye shamba kubwa la mkonge, likiloweshwa na kutundikwa kwenye dirisha linalopokea upepo, linapoza hewa inayopita. Leso iliyolowa mabegani, miguu ndani ya beseni, maji kidogo usoni na kwenye mikono kisha upepee: vyote vinafanya kazi ile ile, tena kwa kikombe cha maji badala ya ndoo.

Mwenye kisukari anayetumia insulini na hana friji anaweza kuweka chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, mchanga uliolowa katikati, na dawa ikiwa kavu ndani ya mfuko, kivulini penye upepo. Si sawa na friji, lakini ni bora kuliko kabati lenye joto la nyuzi 34. Muulize mhudumu wa afya jinsi ya kuipanga na muda dawa yako inaoweza kukaa humo.

Na mjue hatari inapoanza. Mtu aliyekaa kwenye joto akianza kuchanganyikiwa maneno, kuzimia au kupata degedege, na mwili wake ni wa moto sana, hiyo si uchovu tu. Mtoe juani, mvue nguo nzito, mmwagie maji, mpepee, na mkimbize hospitalini. Usimnyweshe maji kwa nguvu ikiwa hana fahamu. Wenye pumu nao wawe waangalifu na pedi chafu, kwa sababu kuvu ikishaota feni huisambaza chumba kizima.

Mama yangu bado anaishi na lile dude. Nililisogeza dirisha la nyuma, penye kivuli cha mwarobaini, nikafungua la mbele shubiri moja na nusu, nikamwonyesha jinsi ya kushika karatasi ya shashi. Siku ile hakusema kitu. Wiki iliyofuata nilipopita saa tisa mchana, nilimkuta amelala usingizi mzito kwenye njia ya hewa, na mjukuu wake pembeni.

Nilitaka kumwamsha. Nikakumbuka tangi halijamwagwa tangu Jumapili, nikachomoa plagi, nikabeba ndoo.